Ukili Mkononi: Uraibu wa Mama na Haki ya Kuamua Jambo Dogo

Mhadhara uliotolewa mbele ya kina mama, wazazi na walimu



Walionialika waliniomba nizungumzie “hobi za kina mama”. Nikawauliza: kwa Kiswahili tunaziitaje? Mmoja akasema, uraibu. Mwenzake akaguna: uraibu si ule wa dawa za kulevya? Wote wawili walikuwa sahihi. Nchini Kenya mwanafunzi huandika insha juu ya uraibu wake akaeleza anavyopenda kuogelea au kusoma hadithi. Hapa kwetu Tanzania neno hilohilo utalikuta zaidi pale wanaposaidiwa watu walionaswa na heroini. Na ukirudi kwenye Kiswahili cha wazee, uraibu ulikuwa ni vile vikorokoro vya tambuu: popoo, chokaa, tumbaku. Vitu asivyovitafuna mtu kwa njaa. Havishibishi, lakini mwenyewe akivikosa siku nzima huwa haijamkaa sawa.

Nimelipenda neno hili kwa ugomvi wake. Nusu yake ni furaha, nusu yake ni shutuma. Na hivyo ndivyo jamii inavyomtazama mama anayefanya jambo kwa sababu tu analipenda: nusu inamtabasamia, nusu inamuuliza kama watoto wameshakula.

Bibi yangu, aliyenilea kusini mwa Unguja, alikuwa na kijaluba chake cha tambuu na alikuwa na ukili wake. Tambuu sitaitetea, meno yake yalikwisha kutoa ushahidi. Nimekuja kuutetea ukili.

Baraza la mawe na ukili wa mkononi

Zitazameni nyumba zetu za pwani. Mbele pana baraza la mawe na chokaa, lipo usiku na mchana. Hapo ndipo kina baba hukaa baada ya alasiri: kahawa, bao, dhumna, siasa, Simba na Yanga. Starehe ya mwanamume ilijengewa mahali pake na ikatengewa wakati wake. Hakuna anayemuuliza mtu wa barazani anafanya nini. Yuko barazani, basi.

Sasa ingieni ndani mtafute mahali palipojengwa ili mama akae tu. Jikoni? Uani? Uani kuna ndoo, kuna kinu, kuna kamba ya nguo, na kila kimoja kina jambo la kumwambia. Ndipo mama akabuni starehe isiyohitaji mahali wala wakati maalumu. Akaibeba mkononi.

Kwa vijana ambao mkeka wanaoujua ni wa plastiki, nieleze kidogo. Majani machanga ya mkindu hukatwa, hukaushwa juani, mengine huchemshwa na rangi, kisha huchanwa vipande vyembamba. Vipande hivyo husukwa kuwa utepe mrefu, na utepe huo ndio ukili. Ukili husukwa pima baada ya pima, ukavingirishwa ukawekwa. Ukishatosha, ndipo unapochukuliwa uzi na sindano kuunga kingo kwa kingo, na hapo tu ndipo mkeka unapozaliwa.

Angalieni akili iliyomo. Bibi alitembea na ukili. Akienda kumtazama mzazi kwa jirani, ukili mkononi. Wali ukishapaliwa makaa, ukili mkononi. Mtoto akilia aliuweka chini palepale ulipofikia, na ukili uliokazwa vizuri haufumuki: akirudi baada ya dakika 5 au baada ya siku 5, anashika pale alipoachia. Hakuwahi kupata nafasi ya kusuka mkeka. Alikuwa na nafasi ya kusuka shubiri mbili, na shubiri mbili nyingine kesho. Aliyebuni kazi hii alijua jinsi siku ya mama inavyokatwakatwa, akabuni ufundi unaokubali kukatwakatwa.

Kuna jambo la pili lililofichika humo. Tuna methali isemayo kazi mbaya si mchezo mwema. Wanaume wa barazani waliisema huku wakisukuma kete, na haikuwagusa. Iliwagusa wanawake. Mwanamke aliyekaa mikono mitupu alikuwa mvivu. Mwanamke mwenye ukili alikuwa anafanya kazi. Hivyo starehe ikavishwa nguo za kazi na kupitishwa mbele ya macho ya wote. Chini ya kivuli cha ukili, wanawake walikaa pamoja saa nzima wakacheka, wakasutana, wakalia waliyokuwa nayo ya kulia, na hakuna aliyeweza kuwaambia wanapoteza muda.

Nilikuwa na mazoea ya kumuuliza bibi: “Huu wa nani?” Akajibu, wa mchuuzi; au, wa shangazi yako anaolewa; au, wa msikitini. Siku moja nikaona ukili wenye mpango wa rangi nisioufahamu, zambarau imepandana na manjano, na katikati mstari mweusi uliopotea kisha ukarudi. Nikauliza, huu wa nani? Hakuinua macho. Akasema: “Huu wangu.” Nilikuwa na miaka 9 hivi, na katika maisha yangu yote na yeye sikuwahi kumsikia akilitumia neno “wangu” kwa kitu. Alisema mume wangu, wajukuu wangu. Kitu, hapana.

Ua jekundu au la zambarau

Niliusahau ukili ule kwa miaka mingi. Nilisoma, nikaajiriwa ualimu, nikahamia Tanga, nikaolewa, nikazaa watatu. Siku yangu mnaijua, kwa sababu ndiyo yenu: kuamka kabla ya adhana, chai, sare za shule, vipindi, soko, jiko, madaftari. Nilisifiwa sana. Mama mwanamume, walisema. Na wazee walishatuonya juu ya ngoma ivumayo sana: haikawii kupasuka.

Usiku mmoja, wote wamelala, nilikuwa natafuta cheti cha kliniki cha mtoto ndani ya sanduku, nikakuta foronya niliyoianza kuidarizi nikiwa msichana. Ua moja na nusu, na sindano ikiwa imechomekwa palepale, imeshika kutu. Nikatafuta sindano nyingine. Nyuzi zilikuwa mbili tu, nyekundu na zambarau. Nikakaa nikifikiri: ua hili niliendeleze kwa rangi ipi?

Nawaomba mnivumilie nikae kidogo hapa, maana mhadhara wangu wote umo humu. Siku ile nzima nilikuwa nimeamua mambo kama mia. Tupike nini, hela ya nauli itoke wapi, mtoto mwenye kikohozi aende shule au abaki, mwanafunzi fulani aadhibiwe au asamehewe. Yote yalikuwa mazito, na yote yalikuwa ya wengine. Nikikosea, kuna mtu ataumia. Na sasa nimeshika nyuzi mbili, na nikichagua nyekundu au nikichagua zambarau, hakuna atakayelala njaa. Nilichagua zambarau. Ilikuwa haipendezi. Nikaifumua, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Watu wakisikia habari ya mama kujitunza hufikiri ni kupumzika. Mimi nilikuwa na usingizi usiku ule, nilipaswa kulala. Lakini usingizi ungenirudishia nguvu za kuwaamulia wengine kesho, basi. Kitambaa kilinirudishia kitu kingine: kuamua bila kuogopa. Na ubunifu hauna mlango mwingine. Anayeogopa kukosea hufanya yaleyale ya jana. Mama ambaye kila kosa lake lina mtu wa kuumia hufanya yaleyale kwa miaka 20, kisha tunamwambia hana mawazo mapya. Mpeni kitu anachoweza kukikosea bila hasara, mtaona mawazo yanavyokuja, na mengine yatamfuata mpaka jikoni na darasani.

Wenye shughuli nyingi waliotutangulia

Nikisema haya, kuna anayenijibu kwamba ni mambo ya kizungu. Basi twende visiwa vya Lamu. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, kisiwani Pate, alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti wa kumuusia, Mwana Hashima. Alimtungia utendi ambao mpaka leo tunausoma. Wengi wanaujua kwa wosia wake: dini, adabu, kumtii mume, usafi wa nyumba. Wasomi wa kike wa siku hizi wana maneno na wosia huo, na wana haki. Mimi naomba tutazame kitu ambacho hakikutajwa ndani yake. Katika wajibu wote aliouorodhesha kwa binti yake, hakumwambia ajifunze kutunga. Lakini mwenyewe alikuwa anatunga. Utendi wa beti zaidi ya 100, wenye vina vya kupangwa kimoja kimoja, hautungwi na mtu asiyekuwa na mazoea ya kukaa na maneno akiyapindua. Mwana Hashima alirithi wosia wenyewe, na alirithi pia mfano wa mama mgonjwa aliyekaa akihangaikia kina.

Twende na Dar es Salaam ya mwaka 1955. Chama cha TANU kilikuwa na mwaka mmoja, na kilikuwa kinatafuta wanachama wanawake. Bibi Titi Mohamed, mama wa binti mmoja, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa hotuba za kujifunza vitabuni. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, akazungumza nao kama mwenzao, nao wakawaita watu wao. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Ngoma, ambayo mtu angeiita anasa, ndiyo iliyokuwa imewafundisha kupanga mkutano, kutunza fedha ya michango, kusimama mbele ya umati na kupaza sauti. Hawakuingia kwenye ngoma ili wawe viongozi. Waliingia kwa kuwa waliipenda. Uongozi uliwakuta humo.

Na kwa aliye na mzigo mzito zaidi, nitaje mfano wa Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianzisha mpango unaoitwa Benchi la Urafiki. Kina bibi wa mitaani walifunzwa kusikiliza, wakakaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na mwenye msongo wa mawazo akaja kukaa nao. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za mji huo, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliopitia mpango huo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini kinachonihusu jioni hii ni kinachofuata baada ya benchi. Wanawake hualikwa kwenye kikundi kiitwacho Kubatana Tose, yaani kushikana mikono pamoja, na humo, wakiwa wanazungumza, wanafuma mikoba kwa mabaki ya plastiki. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi. Mikono ikishughulika, mdomo hufunguka. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa machoni, lakini huyasema akiwa anatazama uzi.

Hapa niweke onyo, kwa sababu mimi si mganga wa kuuza dawa ya kila ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Huyo usimpelekee uzi na sindano ukaondoka. Mpeleke kwa mhudumu wa afya. Uzi utakuja baadaye, na mtu wa kukaa naye.

Muda unatoka wapi?

Swali hili halikwepeki, na ninyi mnaotabasamu huko nyuma mlikuwa mnalisubiri. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku yao kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa, na wanaume asilimia 3.6. Ukipiga hesabu, mwanamke anatoa muda wa saa nne na nusu hivi kila siku. Mwanamume haifiki saa moja. Sidhani kama Tanga ni peponi kuliko Nairobi.

Kwa hiyo tusimwambie mama “jitafutie muda”, kana kwamba muda umedondoka chini ya kochi. Muda wake uko mikononi mwa watu wanaomzunguka. Kina baba, nawaheshimu, lakini nusu saa ya mke wako kufuma au kwenda mazoezi ya kwaya inaanzia pale wewe unapoosha vyombo bila kumwita kuuliza sabuni ipo wapi. Na vijana wenye umri wa kutongozana kwa simu wana umri wa kupika ugali.

Upande wa mama nao una kazi. Nimekutana na kina mama waliosaidiwa kweli, wakapewa jioni nzima, wakaitumia kusugua sufuria. Mikono haijui kutulia. Kwa huyo nasema anza na kitu cha aina ya ukili. Chagua jambo linalokubali kuachwa katikati: kufuma, kudarizi, maua kwenye makopo, kitabu cha hadithi fupi, shairi la ubeti mmoja kwa siku. Liweke kwenye kikapu kimoja karibu na unapokaa, kwa sababu ukianza kutafuta mkasi dakika zako 15 zimekwisha. Ukiweza, lifanye mchana watu wakikuona. Starehe ya kujiiba usiku wa manane nimeifanya, naujua utamu wake, lakini ni deni, na mwili hulidai asubuhi.

Mtego wa “hii ungeuza”

Nimalizie na hatari ambayo bibi aliijua kuliko sisi. Leo mama akioka keki ikapendeza, sifa ya kwanza anayopewa ni: hii ungeuza. Akifuma kitambaa: hii ungeuza. Akipaka hina vizuri: fungua ukurasa Instagram. Wasemao wanampenda, na maisha ni magumu, na wengi humu wamesomesha watoto kwa keki na hina. Sitathubutu kuwadharau. Mimi mwenyewe nimeuza mashuka ya kudarizi mwaka ambao mishahara ilichelewa.

Lakini nilichokiona ni hiki. Siku ile nilipopokea pesa ya kwanza, ua liliacha kuwa langu. Mteja alitaka waridi, nikatia waridi. Alitaka pea 3 kabla ya Idi, nikakesha. Nikawa nimerudi palepale: naamua kwa ajili ya wengine, nikikosea kuna atakayekasirika. Nilikuwa nimepata kipato na nimepoteza uraibu, na sikujua nimepoteza nini mpaka nilipojikuta nimeichukia sindano.

Bibi aliuza mikeka maisha yake yote. Hakuwa tajiri wa kusuka kwa kujifurahisha tu. Hata hivyo, kati ya ukili wa mchuuzi, alikuwa na ule mmoja wa zambarau na manjano ambao mchuuzi aliuona, akautajia bei, na hakuupata. Ulipotimia aliushona mkeka, akautandika kitandani kwake. Haukuwa mzuri kuliko mingine. Ule mstari mweusi ulikuwa umepinda mahali fulani, nadhani alikosea akaamua kulifuata kosa. Nikilala naye nilikuwa nikiupitisha kidole pale ulipopinda.

Sina basi cha kuwapa zaidi ya hiki. Uza tisa, wa kumi ubaki. Na kwa kuwa watoto wetu wa kike na wa kiume wanatutazama kuliko wanavyotusikiliza, mwache mwanao akuone ukiwa na ukili wako mkononi. Atakuja kukuegemea, atauliza unafanya nini, mwambie. Kisha atauliza, huu wa nani? Usiinue macho. Mwambie: “Huu wangu.”